Jina la Mtoto wa Zaituni

Kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii nimeisimulia harusini, nimeisimulia matangani, nimeisimulia hata kwenye foleni ya benki, na kila mahali nimeondoka nikiacha watu wamenuniana. Nimechoka nayo. Leo naitua mbele yenu, muimalize nyinyi.

Palikuwa na nchi moja ndogo ya milima. Jina lake silitaji, maana wenyewe hasira zao ziko karibu. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu akiunguza maharage upande huu wa mpaka, majirani wa mpaka wa pili wanauliza nani kaunguza. Nchi hiyo ilikuwa na redio moja tu, redio ya serikali, iliyofunguliwa katika ghala la zamani la kahawa. Siku ya kufunguliwa gavana wa kikoloni alisoma hotuba ndefu, wala hakuna aliyeisikiliza. Alipomaliza, karani aliyeachiwa kipaza sauti hakujua aseme nini, akasema mkewe amejifungua na mtoto anaitwa Chambo. Nchi nzima ikatega sikio.

Tangu hapo, kila Ijumaa asubuhi, redio ikawa inasoma majina ya watoto wachanga. Watu wakazoea, kisha wakaamini, kwamba mtoto ambaye jina lake halijasomwa redioni hajafika duniani sawasawa. Hatolewi nje ya nyumba, hata bibi yake mzaa mama asimwone kama anaishi mbali. Bendera ilibadilika, serikali zikabadilika, lakini kipindi hicho hakuna aliyethubutu kukigusa.

Jengo lile watu waliliita Nyumba ya Sauti. Ilipokuja televisheni, zawadi kutoka nchi rafiki, wafanyakazi wake walinuna. Mbona iitwe Nyumba ya Sauti na wao wanaonyesha picha? Wakapewa ghorofa ya juu ili watulie. Watu wa redio wakabaki chini. Na kwa miaka mingi, watu wazima wenye wake na waume, watu wa juu na watu wa chini walipishana kwenye ngazi bila kusalimiana, ilhali chai yao ilitoka birika moja. Mimi hapo ndipo kichwa huanza kuniuma.

Katika nyumba hiyo walikuwamo watu watatu wenye vipaji.

Bi Tausi, mtangazaji wa redio, alijaliwa sauti. Mtu akiisikia huacha alichokuwa akikifanya, hata kama ni kula. Ndiye aliyekuwa akisoma majina ya Ijumaa. Mume wake alifariki mapema na hawakujaaliwa mtoto. Majina ya nusu ya nchi yalikuwa yamepita kinywani mwake, na hata moja halikuwa la kwake.

Mzee Mbelwa, fundi mitambo, alijaliwa mikono. Aliweza kuugusa mtambo uliozimika akajua unaumwa wapi, kama mama anavyomgusa mtoto paji la uso. Hakuoa. Watu walimtania kwamba ameshaoa mtambo, naye alicheka kidogo na kugeukia kazi yake. Redio ile ilitangaza majina ya mawaziri, ya wachezaji mpira na ya marehemu. Jina la aliyeiwezesha kusema halikutajwa hata siku moja, na hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Kilindo, mpiga picha wa televisheni, alijaliwa macho. Aliona jambo kabla halijatokea, akawa tayari ameelekeza kamera. Yeye alikuwa na watoto wawili, lakini mmoja alibeba jina la mkunga na mwingine jina la dereva wa lori, na sababu yake nitawaambia sasa hivi. Mwenyewe alilelewa katika kituo cha yatima. Wazazi wake hawakumwachia kitu isipokuwa hilo jina.

Sababu ni hii. Katika nchi ile mtoto hupewa jina la mtu aliyemvusha mama yake katika hatari, awe mwanamume au mwanamke, bila kujali mtoto ni wa kike au wa kiume. Wako akina mama wakubwa huko wanaitwa Jumbe na hakuna anayecheka. Mwenye jina huwa somo wa mtoto. Akizeeka, mtoto humtunza. Akifa, jina lake linaendelea kuitwa uani, linaambiwa njoo ule, njoo uoge. Na jina ni moja tu. La pili ni la baba, la tatu ni la babu, na hakuna pa kuchomeka jingine. Msije mkaniambia baadaye, "Si wangempa yote matatu?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi na sitaki kuulizwa tena.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa masika, umeme wa mji umekatika, na Waziri alikuwa amekuja kufungua studio mpya ya televisheni. Hotuba yake ilirushwa moja kwa moja, juu kwa picha, chini kwa sauti. Jenereta ilikuwa moja, na haikuweza kuendesha mitambo yote miwili kwa nguvu kamili. Mkurugenzi akaamuru televisheni ishibe na redio ipewe makombo. Kwa hiyo redio ilisikika mjini tu, huko milimani ikawa inakoroma. Waziri alikuwa analisifu Daraja la Mto Kisogo, ambalo serikali yake ilikuwa imelijenga, na Kilindo alitumwa hukohuko darajani, peke yake na pikipiki ya ofisi, akapige picha za kuonyesha jioni.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mto, Zaituni, mke wa Ngoda muuza viazi, alikuwa ndani ya pikapu akiteremshwa kwenda hospitali ya mjini. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Ngoda alikuwa kwenye usukani, na redio ilikuwa wazi, ikikoroma, kwa sababu Zaituni alisema heri imkoromee redio kuliko kumsikiliza Ngoda akiomba dua kwa sauti. Barabara ile ina kona moja mbaya. Ukiimaliza tu, uko darajani.

Kilindo alikuwa ameisimamisha kamera mwanzoni mwa daraja, upande wa mji, akarudi kwenye pikipiki kuchukua kanda. Alipogeuka aliona nguzo ya kati inapinda. Daraja likakatika. Kipande cha mbali kilikwenda na maji, na kipande cha karibu kilibaki kinaning'inia, kamera juu yake, imesimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiacha ile ya studio, iliyofungwa sakafuni, ilikuwa kamera pekee ya televisheni nchini. Ingewezekana kuivuta kwa kamba, na kamba ingepatikana kijijini, lakini kwenda na kurudi kungechukua muda. Kilindo aliitazama kamera, akaitazama ile kona ya ng'ambo, akakumbuka kwamba magari ya milimani hushuka wakati kama huo. Alipiga kelele, ila mto ulimshinda kwa kelele. Basi akaiacha kamera, akapanda pikipiki, akakimbilia Nyumba ya Sauti. Maji yaliichukua kamera nyuma yake, na televisheni ya nchi ile ikabaki haina jicho la nje.

Juu hakupanda, kwa sababu walinzi wa Waziri walimzuia kwenye ngazi. Akaingia chini, ametapakaa matope, mahali ambapo hakuwahi kuingia tangu aajiriwe.

"Mzee, daraja limekatika," akamwambia Mbelwa. "Magari ya milimani yatatumbukia."

"Redio haifiki milimani leo," Mbelwa akajibu. "Umeme wote uko juu kwenu."

Kuurudisha umeme ule kulikuwa na njia moja tu ya haraka, nayo ni kuukata mtambo wa televisheni ghafla, ungali na moto. Mbelwa alijua kwamba ukikatwa hivyo utaungua. Mtambo ule aliufunga yeye mwenyewe, na kila asubuhi aliufuta vumbi kwa kitambaa alichokitoa nyumbani. Alishika swichi ya televisheni, akasema maneno ambayo Kilindo mpaka leo anadai yalikuwa matusi, akaishusha. Ghorofa ya juu ikaanza kunuka moshi. Nguvu yote ya jenereta ikashuka chini, na redio ikafika mpaka kilele cha mwisho.

Ila kilichokuwa kinafika huko ni hotuba. Na sheria ya Nyumba ya Sauti, tangu enzi ya gavana, ilikuwa kwamba habari haisomwi bila muhuri wa Mkurugenzi, na kiongozi akiwa anahutubia hakatizwi. Mtangazaji mmoja aliwahi kukohoa katikati ya hotuba, akahamishiwa idara ya mifugo huko mpakani. Muhuri ulikuwa mfukoni mwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa juu, pembeni ya Waziri, anakohoa moshi. Bi Tausi, aliyekuwa hapohapo studioni na kuyasikia maneno ya Kilindo, alikuwa karibu kustaafu kwa heshima. Alimsikia Waziri anasema, "Na daraja hili, ndugu wananchi, litadumu vizazi na..." Akamzima hapohapo.

"Daraja la Mto Kisogo limekatika," akasema. "Dereva uliyeko barabara ya milimani, simama hapo ulipo. Usiimalize kona. Simama."

Ndani ya pikapu mkoromo uliisha na ile sauti ikatoka safi, karibu, kama mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Ngoda akakanyaga breki. Gari liliserereka, likasimama katikati ya kona, na mbele yao barabara ilikuwa imeishia hewani. Waligeuza, wakapanda mpaka kwenye zahanati ya mlimani, na mtoto akazaliwa salama, msichana, amekunja ngumi.

Kwa watu wenye akili zao, hadithi ingeishia hapo. Lakini nasimulia habari za watu wa Nyumba ya Sauti.

Kwanza wote watatu waliadhibiwa. Bi Tausi alisimamishwa kazi kwa kumkatiza Waziri. Mbelwa alishushwa cheo, akawa msaidizi wa msaidizi wake. Kilindo aliambiwa mpiga picha asiye na kamera hana tofauti na mpita njia, akawekwa getini. Wiki hiyohiyo, kwa kuwa wananchi walikuwa wanashangilia, Waziri alikuja redioni kueleza kwamba serikali ndiyo iliyoamuru hotuba ikatizwe. Adhabu hazikuondolewa.

Kisha Zaituni akamtuma mumewe mjini akaulize ni nani aliyemvusha, ili mtoto apate jina. Ngoda, badala ya kumwona kila mmoja peke yake, akawaita wote watatu jikoni mwa Nyumba ya Sauti, kwenye lile birika. Muuza viazi anajua kuchagua viazi, watu hajui.

"Ngoda mwanangu," akasema Bi Tausi, "uliposimama, ulisimama kwa sauti ya nani? Ulisikia jenereta ikikwambia simama?"

"Sauti yake ilikuwa inakoroma mpaka nilipoigusa mimi," akasema Mzee Mbelwa. "Angesema simama mpaka leo, angesikiwa na paka wa hapa jikoni."

"Samahanini wazee wangu," akasema Kilindo, "nyinyi wote wawili mlikuwa mnasikiliza hotuba. Bila mimi mngeimaliza, mkapiga makofi, na mama angekuwa mtoni."

Ngoda akawa anaitikia kila anayesema, maana kila anayesema alikuwa anasema kweli. Ijumaa ya kwanza akaona jina liwe Tausi. Mtangazaji mwingine alipofungua kinywa alisome, mtambo ukazimika. Mbelwa akasema ni hitilafu ya kiufundi, akiwa amekaa juu ya kigoda karibu na swichi. Ijumaa iliyofuata Ngoda akaona basi liwe Mbelwa. Siku hiyo watangazaji wote wa redio, kwa mapenzi yao kwa Bi Tausi, waliamka na mafua na hakuna aliyeweza kusoma. Ijumaa ya tatu akaja na jina la Kilindo, na hapo, kwa mara ya kwanza katika historia ya utangazaji wa nchi ile, fundi na watangazaji wakaungana: mtambo ukazimika na mafua yakarudi. Kilindo naye akafunga geti, akasema kama jina lake halisomwi, basi hakuna mtu wa kuingia.

Fikirini kidogo. Jina la mtoto wa Zaituni lilipokwama, na majina mengine yote yalikwama. Nchi nzima ilijaa watoto wachanga waliofungiwa ndani, na mama zao ndani nao, na bibi zao mlangoni wanagonga. Watu watatu waliookoa pikapu moja sasa walikuwa wamekifungia kizazi kizima. Na Mkurugenzi, alipoona mgogoro, akapata wazo. Alisema kila kinachosomwa redioni kinahitaji muhuri wake, na kwa kuwa redio iko chini yake, jina la haki ni lake yeye. Hakuna aliyemjibu. Nami sitamjibu.

Ijumaa ya nne Zaituni alikuja mwenyewe. Alivuka mto kwa kivuko cha kamba, mtoto mgongoni ndani ya kanga, mbele ya macho ya watu wote, kinyume cha mila. Kilindo alipomwona getini alilifungua bila kuambiwa. Zaituni akapita moja kwa moja hadi studio ya chini. Bi Tausi alikuwapo, ingawa alikuwa amesimamishwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia, na Mbelwa alikuwapo kwenye kigoda chake.

"Shikamooni," akasema Zaituni.

"Marahaba, mama. Umemtoa mtoto nje," akasema Bi Tausi kwa mshtuko.

"Nimemtoa. Mama yangu mzazi amezeeka, amekaa wiki nyingi hajui mjukuu wake ana sura gani. Mila nimeivunja mimi, lakini mlioichosha ni nyinyi. Leo nina swali moja, kila mtu anijibu kwa haki ya Mungu. Siku ile, ulikuwa unanifikiria mimi?"

Aliyeanza ni Bi Tausi.

"Sikukujua, mwanangu. Nilifikiria magari, ndiyo. Lakini nikuambie kweli, nimekaa na hotuba zile maisha yangu yote, na mkono wangu ulikuwa unawasha kumzima yule bwana. Nilipopata sababu, nilifurahi. Nilifurahi kabla sijaogopa."

Mbelwa alitazama mikono yake. "Mimi nilikasirika. Waliuchukua umeme wa redio yangu wakautupa juu. Kijana aliponiambia habari ya daraja, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba sasa nina ruhusa. Wewe ulikuja baadaye, mama. Nisamehe."

"Mimi niliogopa," akasema Kilindo aliyekuwa amesimama mlangoni. "Daraja lilianguka nikiwa hatua chache tu. Nilipanda pikipiki nikimbie. Magari niliyakumbuka, nikapiga kelele, lakini miguu ilikuwa inataka kukimbia tu. Nilikuja hapa kwa sababu sina kwingine pa kukimbilia."

Zaituni akawatazama mmoja mmoja. Hakuonekana kukasirika tena, alionekana amechoka tu, kama mtu aliyepanda mlima na kukuta mwingine.

"Basi hakuna hata mmoja," akasema.

"Hakuna, mama," akasema Bi Tausi, na machozi yakamtoka. "Lakini kila mmoja wetu anamtaka huyo mtoto. Hilo usiulize mara mbili."

Zaituni akamfungua mtoto mgongoni, akampakata, akakaa kwenye kiti cha mtangazaji. Akawaambia leo jina atalisoma mwenyewe. Mbelwa akainuka kwenye kigoda, akaenda kwenye swichi ya redio, akaipandisha mpaka mwisho, redio ifike milimani kote. Bi Tausi akakisogeza kipaza sauti karibu na kinywa cha Zaituni, akamwonyesha umbali. Kilindo akafunga mlango wa studio taratibu, kelele za nje zisiingie. Kila mmoja alifanya kazi yake, bila kujua anamfanyia nani.

Basi, mnaonitazama, nawaomba msinitajie habari za kugawana, wala za kupiga kura, wala za kungoja mtoto wa pili. Asingeona Kilindo, pasingekuwa na habari. Asingeshusha swichi Mbelwa, habari isingefika. Asingezima hotuba Bi Tausi, habari isingesemwa. Mmoja alipoteza kamera, mmoja alipoteza mtambo, mmoja alipoteza kazi. Mmoja alifanya kwa furaha ya kulipiza, mmoja kwa hasira, mmoja kwa woga, na hakuna aliyefanya kwa ajili ya Zaituni. Mtoto yuko hai, na wawili kati yao watakufa bila mtu wa kubeba majina yao.

Taa nyekundu imewaka. Kila nyumba yenye mtoto mchanga imenyamaza, redio iko mezani. Zaituni ameinama mbele, amesema, "Mwanangu anaitwa," na amevuta pumzi. Wewe ndiwe Zaituni: unalitamka jina la nani, na hao wawili wengine utawatazamaje usoni?